Nyuki wa Njiku na Dawa ya Asubuhi

Mtu mmoja aitwaye Njiku alikuwa na mizinga ya nyuki mpakani mwa shamba la Sefania, mkulima wa matikiti. Matikiti yalipochanua, Sefania alibeba bomba la dawa ya kuua wadudu akapuliza asubuhi, wakati nyuki wamejaa mauani. Njiku akawakuta wamelala chini ya mizinga, wamekufa, tele kama pumba. Akawaka hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Nyuki wale ndio waliomlisha yeye na mama yake mzazi, mzee mwenye kifua kibovu.

Akaamua kumshtaki jirani yake kwenye baraza la kata. Kesi angeshinda, hakuna aliyebisha: dawa ilipulizwa na nyuki walikufa. Lakini njiani akapitia kwa Debora, muuza mbegu, ambaye wakulima wa pale walimwamini kuwapatanisha. Debora alikuwa na desturi moja ngumu. Kila mgomvi alitakiwa aeleze shida ya mwenzake badala ya yake, na asiyeijua aende kwanza akamuulize.

Njiku nusura aondoke. Amsemee mtu aliyemuulia nyuki? Hata hivyo akaenda, kwa shingo upande, akasimama kando ya matikiti, akauliza jambo ambalo barazani lisingeulizwa: kwa nini asubuhi, na si jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani?

Sefania akatua bomba. "Jioni upepo unaelekea kwako, ndugu yangu, na mama yako hupumzika uani. Niliogopa kifua chake."

Njiku akamwomba waongozane. Walipofika kwa Debora, alianza kuieleza shida ya Sefania, akafuta macho mbele ya watu bila kuona haya. Sefania naye akawasemea nyuki kama vile walikuwa wake. Wakakubaliana kwamba dawa itapulizwa jioni tu, na Sefania atatoa taarifa mapema ili mama aingizwe ndani.

Nyuki waliokufa hawakurudi. Lakini waliobaki walizaana, na matikiti yakazaa vizuri kuliko mwaka uliotangulia. Mimi namheshimu sana Njiku. Wengi huacha kesi wanayojua watashindwa. Yeye aliacha ile ambayo angeshinda.

Nawe uliyekwisha kuvaa viatu kwenda kumshtaki jirani yako, umemuuliza kwa nini?