Maji ya Ghorofa ya Nne

Leokadia, mwenyekiti wa bweni la wasichana, alilala chumba cha chini, karibu na bomba. Nyamizi wa mwaka wa kwanza alipokiomba, alimjibu mbele za watu: "Panda ghorofa ya nne, mgeni. Si imefunguliwa juzi?"

Nyamizi akapanda, peke yake, bila kunung'unika.

Tangu hapo Leokadia hakuwa na raha. Kila asubuhi akiwa kwenye foleni ya bombani, ndoo mkononi, akiinua macho aliona kanga za Nyamizi zikichuruzika kule juu, na mwenyewe, nywele mbichi, akimwagilia maua na kuimba.

Siku moja akamvizia ngazini. "Huko juu maji yanatoka?"

"Dada, shii!" Nyamizi alishtuka. "Tangi jipya si liko paani, juu ya kichwa changu? Ila watu wasisikie."

"Hamisha vitu vyako. Tunabadilishana leo."

"Dada Leo, usinionee jamani!"

"Mwenyekiti nani?"

Nyamizi akashusha godoro, machozi yakimlengalenga. Leokadia akapandisha lake, akakimbilia bafuni, akafungua bomba. Likakohoa, likatema buibui mmoja, likanyamaza. Tangi lilikuwa halijaunganishwa.

Akatoka barazani akifoka. "We Nyamizi! Ulikuwa unaoga wapi?"

Nyamizi akachungulia dirishani, mswaki mdomoni. "Hapa hapa chini, dada, kabla hamjaamka. Halafu nilikuwa napanda na ndoo moja ya kumwagilia maua. Basi kesho ukishuka kuchota, usipige kelele mlangoni kwangu. Mimi sidamki tena."