Moto wa Mwalimu Mbega

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, na anayechekacheka anyamaze, maana hadithi ya leo inanikera hata kabla sijaianza.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walijenga shule. Mwalimu alikuwa Mbega, yule wa manyoya meupe mabegani utadhani kavaa joho. Mpishi wa uji alikuwa Mama Nungu, mwenye miiba mgongoni, na mwanawe wa pekee, Siwema, alisoma hapo hapo darasa la pili. Ukutani paliandikwa kwa chokaa: HAPA HAPAVUTWI SIGARA. Aliyeandika ni Mwalimu Mbega mwenyewe.

Siku ya kwanza Siwema akaja jikoni na sigara mkononi.

"Shikamoo, mama. Mwalimu anaomba moto."

Mama Nungu hakupenda, lakini mwalimu ni mwalimu. Akampa kijinga cha moto. Siwema akaitia sigara mdomoni, akavuta mpaka ikashika, akakohoa.

"Wewe! Mbona unaivuta?"

"Nisipoivuta inazimika njiani, mama. Ikizimika nachapwa."

Siku ya pili Siwema akaja tena. Akavuta, akakohoa, akatimua mbio. Miiba ya Mama Nungu ikaanza kusimama. Akamfuata mwalimu.

"Mwalimu, nakuomba, mwanangu ana kifua. Usimtume tena."

"Mama Nungu, wewe koroga uji," akasema Mbega, moshi ukimtoka puani. "Elimu tuachie sisi wasomi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Namfundisha utii."

Utii! Hebu sikieni mdomo huo!

Siku ya tatu Siwema akaja. Akavuta, wala hakukohoa. Akafumba macho kidogo, akautoa moshi kwa pua, taratibu, kama mtu mzima.

Mama Nungu aliona giza. Miiba yote ikasimama wima. Akampokonya mtoto sigara, akachomoa gogo zima jikoni linawaka, akaenda nalo moja kwa moja mpaka darasani.

"Moto wako huu, mwalimu! Leo nimekuletea mwenyewe!"

"Mama, toka! Tuko kwenye kipindi!"

"Sitoki! Wanangu, anayejua kuwasha sigara ya mwalimu anyooshe mkono."

Swala akanyoosha. Sungura akanyoosha. Ndama wa Tembo akanyoosha mkonga. Darasa zima likanyoosha, na Pimbi, mdogo kuliko wote, akapanda juu ya dawati ili aonekane.

"Mimi naweza hata bila kukohoa, mwalimu!"

Mbega akaitoa pakiti yake ya sigara, akaitupa kwenye gogo, ikateketea yote. Watoto walibaki wamenyoosha mikono, wakingoja kusifiwa.

Mama Nungu akamkazia macho.

"Umewafundisha wakafaulu wote. Haya, sasa wasahaulishe."

Hadithi yangu imeishia hapo, lakini hasira yangu bado.