Uwanja wa Bi Sechelela

Uwanja mweupe haujazi chungu.

Maneno hayo yalimtoka Shangazi Lechipya siku ya arusi, alipokuwa akichambua mboga pamoja na wasichana watatu wa ukoo. Mmoja wao alikuwa akimsifia jirani aliyepaka nyumba yake rangi mpya mpaka kwenye bati, ilhali wanawe hupita kwa wenzao kuomba kitoweo. Wasichana walicheka, kisha wakataka kujua msemo huo shangazi ameuokota wapi. Shangazi akavuta ungo karibu. Alisema hakuuokota. Ulizaliwa Chinyika, na aliyeuzaa alikuwa mtu mwenye jina lake na nyumba yake. Akawasimulia ulivyozaliwa.

Chinyika ni kijiji cha nchi kavu, upande wa Ugogo. Mvua ikikatika Aprili hairudi mpaka Desemba, na mwaka mwingine Desemba nayo hupita mikono mitupu. Kiangazi, maji huchimbwa mchangani katika mto uliokauka. Mwanamke huingia shimoni hadi kifuani, akachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka ndoo ijae. Mboga ya miezi hiyo ni mlenda uliokaushwa na kutwangwa tangu masika, na kufika Oktoba hata huo huwa umebaki kitakoni mwa kibuyu.

Hapo ndipo alipoishi mjane mmoja, Bi Sechelela, ambaye uwanja wake ulijulikana vijiji vitatu. Alifagia alfajiri, akafagia tena alasiri, na alifagia akirudi kinyumenyume ili nyayo zake mwenyewe zisiharibu kazi. Jani likidondoka alilifuata kabla halijatulia. Majani yote aliyakusanya akayachoma. Watu walitania kwamba hata kuku wa Bi Sechelela hutembea kwa ncha za vidole. Na maji ya kunawia mikono hakuyamwaga ovyo. Aliyarusha uwanjani kwa kiganja, kidogo huku na kidogo kule, ili kulaza vumbi.

Tusimcheke. Kwa watu wa pale uwanja ndio uso wa nyumba. Mtu akitumwa kuangalia binti wa kuoa, haanzi na sura ya binti, huanza na uwanja wa mama yake. Tena Bi Sechelela alipofiwa na mumewe akiwa na watoto wawili wadogo, walikuwapo waliosema kwamba nyumba ile itaota majani mpaka mlangoni. Hakuwajibu kwa mdomo. Alishika ufagio, na kwa miaka kumi na saba hakuuweka chini.

Mtoto wake mkubwa, Malogo, alipokua alimwoa msichana aitwaye Mbumi, kisha akaenda Kilosa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mbumi akabaki na mama mkwe wake na wifi yake, Chiku. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye mimba ya kwanza.

Mwezi wa Julai Mbumi alikwenda zahanati. Muuguzi alimvuta kope ya chini, akaona weupe mahali palipotakiwa kuwa pekundu. Akampima damu, ikawa nane. Alimpa vidonge, akamwambia kwamba vidonge bila chakula ni nusu ya dawa, hivyo ale mboga za majani kila siku ya Mungu. Kama kufika Novemba damu haijavuka kumi, ingembidi ahamie mjini karibu na hospitali ya wilaya asubiri huko, kwa sababu zahanati haiwezi kumzalisha mwanamke mwenye upungufu wa damu. Mjini Mbumi hakuwa na ndugu wala pa kulala.

Bi Sechelela alisikia habari hiyo akiwa na ufagio mkononi. Alimfahamu mwanamke aliyeingia uchungu akiwa na upungufu wa damu. Alikuwa mdogo wake, na hakutoka hai. Hilo hakumwambia Mbumi.

Mboga za majani kila siku, katika nchi ambayo Julai hata mbuzi hula miiba. Mtu mwingine angekaa akalia. Mbumi aliomba magunia makuukuu ya mahindi kwa majirani, akapata matano. Akazoa samadi iliyolala zizini mwa mbuzi, akaichanganya na udongo mweusi wa chini ya migunga na majivu ya jikoni. Akatafuta kopo kubwa akalitoboa kitako chote. Alilisimamisha katikati ya gunia, akalijaza kokoto, akazungushia udongo pembeni. Kisha akalivuta kopo juu kidogo, akajaza tena kokoto na udongo, mpaka gunia likasimama kama mtu mnene mwenye uti wa mgongo wa mawe. Ukimwagia maji juu, hupitia kwenye kokoto hadi chini, na hakuna tone linalopotea. Ubavuni alitoboa matundu kwa kisu, akapanda mchicha, figiri na vipande vya matembele alivyopewa na mwanamke mmoja aliyelima karibu na mto. Mbegu za mchicha alizipukusa kwenye suke kavu alilokuja nalo kutoka kwao. Hakununua kitu.

Magunia aliyapanga nyuma ya ukuta wa jiko, penye kivuli cha mchana. Majani yaliyofagiwa aliomba yasichomwe, akayatandaza juu ya udongo ili unyevu usikimbie. Na maji aliyotumia ni yaleyale yaliyokwisha kutumika: ya kuoshea mboga, ya kunawia mikono, ya kusuuzia vyombo kabla sabuni haijaingia.

Hapo palikuwa na mzozo, maana Bi Sechelela naye aliyataka maji ya kunawa kwa ajili ya vumbi lake. Walivutana siku mbili kwa adabu, kila mmoja akiwahi bakuli. Mwisho wakagawana. Maji ya asubuhi yakawa ya uwanja, ya mchana na ya jioni yakawa ya magunia.

Kufika mwisho wa Agosti nyumba ile ilikuwa ikila mchicha mbichi. Asubuhi Mbumi alichuma majani ya nje tu akaacha moyo wa mmea, na baada ya siku chache moyo ulikuwa umeshatoa mengine. Bi Sechelela alikula akaongeza tonge. Moyoni alimstaajabia msichana huyu aliyekuwa ameotesha masika nyuma ya jiko kwa maji ya mikono michafu. Lakini sifa hakuzitoa. Alidhani zipo siku nyingi za kuzitoa.

Oktoba ikaja salamu kutoka kijiji cha Mlowa. Bi Nyamwanji, mama mwenye kijana wa kuoa, angepita Alhamisi kuwasalimia. Kila mtu alielewa salamu hizo zinamhusu Chiku.

Tangu hapo Bi Sechelela aliuona uwanja wake kwa macho ya mgeni. Aliona magunia matano makuukuu yenye madoa ya maji, majani makavu yamezagaa, udongo umechuruzika hadi chini ya ukuta. Alimwomba Mbumi wayaondoe. Mbumi alisema kwa upole kwamba magunia ni mazito, mizizi imeshikana, na siku za kurudi kupimwa zahanati zimebaki chache. Wakaishia hapo.

Alhamisi asubuhi Mbumi na Chiku walikwenda mtoni kuchota maji. Bi Sechelela alifagia, akarudi kinyumenyume, na kila aliporudi alijikuta anayatazama magunia. Akajiambia atayasogeza tu mpaka nyuma ya zizi. Alishika la kwanza kwa masikio, akavuta. Jua la miezi mitatu lilikuwa limelila. Likapasuka toka juu hadi chini, udongo ukamwagika katikati ya uwanja mweupe.

Mkono uliozoea ufagio hauoni udongo, unaona uchafu. Kabla hajafikiri alikuwa ameusukuma wote mpaka kwenye korongo lililo upande wa pili wa uwanja. La pili nalo likachanika. Basi ya nini kuacha matatu ya kutia aibu? Jua lilipopanda korongo lilikuwa limemeza magunia matano, na ukuta wa jiko ulikuwa mtupu. Alijiambia kwamba wageni wakiondoka atamchinjia Mbumi kuku. Alijiambia pia kwamba yeye mwenyewe alizaa kwa mlenda. Kisha akamkumbuka mdogo wake, akafagia kwa nguvu zaidi.

Mbumi aliporudi na ndoo kichwani aliuona ukuta. Bi Nyamwanji alikuwa ndiyo kwanza anaingia, hivyo Mbumi akatua ndoo, akapiga goti, akamwamkia mgeni, akaingia jikoni. Bi Sechelela angependa atukanwe.

Mgeni alikaribishwa kigoda. Aliusifu uwanja kwa uungwana, akanywa uji, akauliza habari za mifugo. Kisha akaweka kibuyu chini.

“Mama Malogo, uwanja nimeuona. Kama sahani ambayo haijaliwa bado. Sasa nionyeshe magunia.”

“Magunia gani, dada?”

“Ah, unanificha na mimi? Nimeamka jogoo la kwanza. Sikutembea njia yote ile kuja kuona mchanga, mchanga hata Mlowa upo. Kisimani kwetu wanasema iko nyumba Chinyika inayokula mboga mbichi mwezi wa Oktoba. Nikasema, binti anayetoka nyumba hiyo hatamwua mwanangu kwa njaa.”

Bi Sechelela alikuwa na jibu tayari ulimini. Angesema mbuzi wameingia, nani angemkatalia? Alitazama mlango wa jiko. Ndani hata kuni hazikuvunjwa.

“Nimeyatupa,” alisema. “Asubuhi hii. Kwa ajili yako.”

Bi Nyamwanji alimtazama, akautazama uwanja kutoka upande huu hadi upande ule.

“Kwa ajili yangu,” alisema polepole. “Haya, mama. Na ugali ukiiva, mimi mgeni wako nitatowelea nini? Uwanja?”

Neno hilo lilimpata Bi Sechelela mahali ambapo ufagio haukuwahi kufika. Alisimama, akaingia jikoni. Mbumi alikuwa amekaa mbele ya mafiga, mikono juu ya tumbo.

“Mwanangu,” Bi Sechelela alisema, “nimekosa. Nilitaka kuyasogeza, moja likapasuka, mkono ukaendelea wenyewe. Nimetupa damu yako korongoni.”

Mbumi hakuwa amewahi kusikia mtu mzima akimwomba radhi. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

“Mama, mchicha haufi kwa nusu siku,” alisema. “Lakini jua likifika chini korongoni, hatutakuta kitu. Twende sasa hivi.”

Wakaenda wote. Mgeni naye alijifunga khanga kiunoni, akatangulia na beseni, akilalamika kwamba hajaona nyumba ambapo mgeni hutumwa kuzoa samadi kabla ya kula. Chiku alishindwa kujizuia kucheka, na kicheko hicho kiliwasaidia kubeba. Waliupandisha udongo beseni kwa beseni. Ulimwagika njia nzima, nyayo zikachafua uwanja, na Bi Sechelela alipita juu yake asiangalie chini. Magunia mawili yalishonwa kwa kamba ya mkonge. Udongo uliobaki waliujaza katika ndoo iliyotoboka, chungu chenye ufa na beseni kuukuu. Mashina yaliyokuwa na mizizi waliyarudisha udongoni, wakayafunika kwa mkeka yapate kivuli. Majani yaliyokwisha kunyauka waliyaosha, wakayapika kwa karanga, na mgeni akatowelea hayo, akasema yana ladha ya korongo lakini ataongeza.

Walipomaliza kula wakanawa. Bi Sechelela alishika bakuli, kiganja kikaingia majini kama ilivyokuwa desturi yake, tayari kurusha. Akakitoa. Alizunguka nyuma ya jiko, akayamimina yote juu ya kokoto, mpaka tone la mwisho.

Matembele yaliwahi kuchipua, figiri ikafuata. Mchicha ulipandwa upya. Wiki zile kuku wawili walichinjwa, na maini yote yalikuwa ya Mbumi. Kila asubuhi Bi Sechelela ndiye aliyechuma, majani ya nje tu, na alikaa mbele ya mkwewe mpaka bakuli liishe.

Novemba walikwenda zahanati pamoja, mwendo wa saa mbili, mkwe mkubwa akimbebea mkwe mdogo mwavuli. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye benchi. Muuguzi alimchoma Mbumi kidole, akasubiri, akasoma, akasoma tena. Damu ilikuwa kumi na nusu. Alisema atazalia hapahapa zahanati, na hakuna haja ya kwenda mjini. Kisha akauliza amekula nini, maana wengine waliopewa vidonge vilevile walikuwa bado kwenye tisa.

Mbumi aliinamisha macho. Bi Sechelela ndiye aliyejibu, tena kwa sauti, ili benchi lote lisikie. Alieleza kopo lililotobolewa kitako, kokoto, samadi na maji ya kunawa, akasema kazi yote hiyo ni ya msichana huyu hapa. Mwanamke mmoja aliyemfahamu akadakia kwamba kumbe siku hizi Bi Sechelela analea takataka, na ule uwanja wake je?

“Uwanja wangu ulikuwa mweupe kuliko wote Chinyika,” alisema Bi Sechelela. “Na siku ule uwanja ulipokuwa mweupe kuliko siku zote, mwanangu huyu hakuwa na cha kula. Uwanja mweupe haujazi chungu.”

Benchi lilicheka. Kila mmoja alikuwa akipiga hesabu ya maji aliyoyamwaga asubuhi ile. Jioni wanawake wale walirudi makwao, huyu Mlowa, yule ng'ambo ya mto, na kabla ya kulala kila mmoja alikuwa ametafuta gunia kuukuu. Jirani alipochungulia na kuuliza kwa nini anachafua ua wake, alijibiwa kwa maneno yaleyale yaliyotoka zahanati, na jirani naye akayapeleka mbele.

Uwanja mweupe haujazi chungu.