Mshenga Aliyeitikia Kila Kitu

Tafadhali isome yote ndipo uitume mbele. Nawajua nyie: mnatuma kwanza, kusoma baadaye.

Alikuwapo mzee mmoja mjini Same, Mzee Kajiru, mshenga wa kutegemewa. Kwa miaka thelathini hakuna posa aliyoipeleka ikarudi mikono mitupu. Masikio yalipochoka, wanawe walimnunulia mashine mbili ndogo za kusikia zinazoungana na simu. Kwenye kikao aliiweka simu mezani karibu na msemaji, na sauti ikamfikia safi masikioni. Watu walidhani anaangalia saa. Naye akawaacha wadhani hivyo.

Jumamosi ya kwenda kumposea Elinihaki, kijana wa jirani yake, aliamka akakuta simu imejisasisha yenyewe. Akavaa mashine. Mlio wa kuungana haukuja. Akazima blutuuthi, akawasha. Akazima simu nzima, akawasha. Jina la mashine zake lilikuwapo kwenye kioo, na chini yake: haijaunganishwa.

"Mzee, gari limefika," Elinihaki akamwita mlangoni. "Mbona unatoka jasho?"

"Chai ilikuwa ya moto."

Mtu mmoja akisema karibu naye, alimpata. Lakini sebule yenye watu ishirini ni habari nyingine. Bila simu, mashine zilimkuzia kila kitu sawasawa: vikombe, feni, kikohozi cha shangazi wa mtu.

Na huko walikokwenda hakukuwa na mzaha. Msemaji wa nyumba ile alikuwa Bibi Nanzia, bibi yake binti, naye alikuwa na utaratibu wake. Akimaliza kusema, mshenga huyarudisha maneno yake yote kwa mdomo, bila karatasi. Mzee wa nyumba, Mzee Mrutu, ndiye anayethibitisha kama yamerudi kamili. Ukikosea, unaaga. Posa mbili za binti huyo, Nakijwa, zilishakwama hapo hapo. Muoaji mwenyewe haruhusiwi kufungua mdomo.

Elinihaki na Nakijwa walikuwa wamesubiriana miaka minne.

Walipokwisha kuketi sebuleni, Bibi akaanza kusema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mzee Kajiru akasikia feni.

"Naam," akasema. Kisha, "Hewala."

Mzee Mrutu naye akaitikia kwa kichwa. "Kabisa."

Bibi akasita. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. Akaendelea kwa sauti ile ile:

"Na mjukuu wangu nimeshamwoza kwa mtu mwingine, wiki iliyopita."

"Hewala, mama," akasema Mzee Kajiru. "Neno la busara."

"Kabisa," akasema Mzee Mrutu.

Elinihaki akashika mikono ya kiti. Akainuka nusu. Shangazi yake akambana goti na kumnong'oneza, "Ukisema neno, tumekwisha."

Bibi akamwelekeza kidole mshenga. "Haya. Rudisha maneno."

Sebule ikanyamaza, kwa hiyo hilo alilisikia. Angeweza kutunga. Hotuba za posa zinafanana: heshima, subira, upendo, nani atapinga? Akafungua mdomo atunge. Macho yake yakaangukia kwa Elinihaki, akaona kijana yuko nusu wima, shangazi amembana goti, na hakujua kwa nini. Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Lilikuwa limesemwa jambo zito, naye amelikubali kwa niaba ya mtu.

Akazitoa mashine, akaziweka mezani.

"Mama, sina cha kurudisha. Sijasikia hata neno moja. Simu imezikataa hizi mashine tangu asubuhi, nikaona haya kusema."

"Mshenga kiziwi!" mtu akaguna nyuma. Shangazi akafumba macho. Elinihaki akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu.

Bibi akamgeukia Mzee Mrutu. "Na wewe msimamizi, unasemaje?"

Mzee Mrutu akatabasamu kwa upole. "Kabisa."

Bibi akainama hadi sikioni kwake. "Na wewe pia?"

Mzee akavua kofia taratibu. Nyuma ya sikio kulikuwa na mashine kama zile zile.

"Tangu Jumatano," akasema.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Nakijwa, ambaye hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, akaingia.

"Nilimwambia babu nimtengenezee, akanijibu anasikia kuliko sisi sote." Akachukua simu zote mbili. "Simu ikijisasisha inaweza kung'ang'ania muunganiko wa zamani uliokwisha kufa. Inabidi uufute, simu izisahau kabisa hizi mashine. Kisha unazizima, unaziwasha, vinatambulishana upya kama wageni. Na hapa inaomba ruhusa ya kutumia kipaza sauti. Babu, ulikataa?"

"Iliniuliza mara nyingi mno. Nikashuku."

Baada ya dakika kumi, mashine zikiwa zimerudi masikioni, wazee wote wawili walishtuka kwa pamoja. Mlio.

"Binti hajaolewa na mtu," Bibi akasema kwanza, na Elinihaki akaviacha viatu. "Nilikuwa nawapima. Sasa tunaanza upya. Asiyesikia aseme."

Akasema yote upya. Mara tatu Mzee Kajiru aliinua mkono: "Rudia hapo, mama." Mara tatu Bibi akarudia. Mwisho mshenga akayarudisha maneno yote, na Mzee Mrutu akathibitisha, safari hii akijua anathibitisha nini.

"Wale wa posa mbili za kwanza walikuwa na masikio mazima," Bibi akasema, "na wote walinitungia. Mchukueni mtoto."

Mzee Kajiru, aliyesikia vizuri kuliko siku zote, akamtazama Elinihaki, aliyelisubiri neno hilo miaka minne, kisha akainua mkono.

"Rudia hapo, mama."

Funzo: Kutosikia si aibu. Aibu ni kuitikia usichokisikia, maana anayeumia ni yule aliyekutuma.