Jumbe Aliyeng'oa Sepetu

Hapo zamani, katika nchi ya Wafrisia, ambako bahari ni jirani asiyepiga hodi, majumbe wawili, Haiko na Folkert, walipigana miaka saba. Sababu ya vita hakuna aliyeikumbuka, ila kila jumbe alikuwa radhi watu wengine waifie.

Basi wanaume wenye nguvu wakachukuliwa vitani, na tuta la kuzuia bahari likakosa wa kulitengeneza. Ikawa likabomoka penye kishamba cha Eppo, fukara mwenye maneno mengi. Haiko akamwita mbele ya wazee.

"Tuta lako limebomoka. Lizibe peke yako kabla ya Ijumaa. La sivyo, nitakufukia wewe pengoni."

"Nimesikia, bwana wangu," akajibu Eppo, ingawa pengo lile lingewashinda watu mia.

Sasa, nchi ile ilikuwa na ada yake: aliyeshindwa na tuta huchomeka sepetu yake pale, akaenda zake, na atakayeing'oa hurithi shamba, na tuta, na kila amri iliyo juu yake. Eppo akaichomeka, akarudi kwa Haiko.

"Bwana wangu, nimeshindwa. Sepetu i pale tutani. Nimewaacha watu wa Folkert ng'ambo ya mpaka wanaitazama."

Na kweli walikuwa wakiitazama. Walikuwa na kazi gani nyingine?

Folkert apate shamba ndani ya mipaka ya Haiko? Thubutu! Haiko hakungoja hata farasi atandikwe. Akakimbia, wazee nyuma yake wakihema, akaishika sepetu kwa mikono miwili, akaing'oa, akaipunga juu kuwaonyesha wale wa ng'ambo.

"Hongera, jumbe," akasema mzee mkubwa. "Shamba ni lako na tuta ni lako. Na amri tuliisikia kinywani mwako: peke yako, kabla ya Ijumaa."

Haiko akanywea. Ada ya tuta hakuna jumbe aliyethubutu kuivunja, kwani bahari haiulizi mtu ni wa upande gani. Akawasihi wazee, nao wakamruhusu kuita askari wake wote, ila naye achimbe.

Alhamisi, matope yakiwa yamemfika magotini, akamwona Eppo akipita na kifurushi begani.

"Wapi tena, mjanja wewe?"

"Kwa Jumbe Folkert, bwana wangu. Nasikia kuna maskini huko naye kaamriwa kuziba pengo peke yake. Nakwenda kumpa shauri."

Haiko akacheka hata akakaa matopeni. Na wiki ya pili yake, vita vilikosa wapiganaji pande zote mbili: wote walikuwa matutani, sepetu mkononi.