Sauti Iliyokatwa

Mtu mmoja alikuwa na kipaji cha kusikia. Aliitwa Senzighe, mlinzi wa msitu katika milima ya Upare, na wenzake walisema aliijua mvua kwa namna ndege walivyonyamaza. Alikuwa na kinasa sauti, na kwa kinasa hicho alikusanya sauti za ndege wa msitu ule tangu ujanani mpaka kichwa kikawa cheupe. Kazi yenyewe ilikuwa ya kungoja. Alikaa kwenye umande, hakukohoa, hakumpiga mbu. Kila alipowasha mashine alitanguliza maneno machache: jina lake, jina la ndege, na mahali alipokaa. Maneno hayo hakuyaandika popote, maana aliamini sikio kuliko karatasi. Kisha alinyamaza. Kisha ndege akaimba.

Kanda zake zilitolewa kwa jina lake, na chuo kikuu kimoja cha huko chini kikazinunua kwa ajili ya maktaba. Mzee alipofariki, haki ya kazi ile ilibaki kwa bintiye, Namkunda, muuguzi wa zahanati ya kijijini.

Katika chuo hicho palikuwa na mhadhiri, Dokta Lwitiko. Msimdhanie mwizi. Alikuwa mwalimu wa kweli, na siku aliyozisikia kanda zile mara ya kwanza alisahau kula. Alitaka kila mwanafunzi wake asikie alichosikia yeye. Sheria ya nchi ilimpa nafasi: mwalimu achukue kipande kinachotosha somo, amtaje mwenye kazi, asiiharibu, na akitaka kazi nzima, aombe. Lwitiko aliijua sheria hiyo. Lakini aliona milima iko mbali, na mzee amekwisha kufa, naye aliyekufa haombwi ruhusa. Akanakili kanda zote. Na kwa kuwa maneno ya mzee yalichelewesha somo, akayakata, wakabaki ndege watupu. Akaziweka kwenye mtandao wa chuo chini ya jina lake yeye, aliyezipanga.

Zikaenea. Vyuo vingine vikazichukua, walimu wakafundishia, watu wakasoma kwazo wakahitimu. Hakuna aliyeuliza zimetoka kwa nani.

Kisha akaja Skola, mtafiti mwenzake, akiwa na haraka. Sehemu ya msitu wa milimani ilikuwa imekwisha kupigwa alama ili ikatwe, kwa sababu ilisemekana hamna tena kiumbe cha kulindwa. Katika kanda za Lwitiko alikuwa amesikia sauti ya ndege mdogo ambaye wataalamu walikwisha kumhesabu miongoni mwa waliotoweka.

"Huyu aliimba wapi?" akauliza.

"Milimani."

"Milima ina makorongo mangapi, Dokta? Korongo lipi?"

Lwitiko akaenda maktaba kuitafuta kanda yenyewe. Ukungu ulikuwa umekwisha kuila. Akarudi mikono mitupu, na usiku ule usingizi haukuja. Kulipokucha walipanda mlima wote wawili, kumtafuta binti wa mzee.

Namkunda alikuwa ametoka zamu. Aliwakaribisha, akawapa chai, akakaa. Lwitiko akatoa simu, akamwekea zile sauti. Mama yule akasikiliza ndege wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, uso wake ukiwa kama wa mtu aliyefungua mlango akakuta aliyebisha hodi hayupo. Kisha akasema:

"Baba yangu mmemweka wapi?"

Mhadhiri yule alikuwa amezoea kuulizwa maswali mbele ya kumbi zilizojaa watu. Hapo aliinamisha kichwa. "Nilimkata, mama," akasema. "Nilidhani anachelewesha somo."

Namkunda akaingia ndani. Alikaa huko mpaka chai ikapoa, na Skola akawa ameanza kukusanya vitu vyake. Ndipo mama akatoka na kanda zilizofungwa kwenye khanga, pamoja na mashine ya baba yake. Akaiwasha.

Sauti ya mzee ikajaa pale barazani, ya taratibu, kana kwamba amekaa nao. "Mimi Senzighe." Akamtaja ndege kwa jina la kwao. "Nipo korongo la Ikombwe, juu ya maporomoko madogo." Kisha kimya, na ndani ya kimya kile wakasikia pumzi zake, akivuta, akitoa, akingoja. Kisha ndege akaimba.

Mara zote alizosikiliza, Lwitiko alidhani uzuri ni wa ndege peke yake. Sasa alisikia kwamba pale palikuwa na mtu, na kwamba umri mzima wa mtu huyo ulikuwa umekaa kimya ili yeye asikie.

"Ungeniomba, ningekupa," Namkunda akasema. "Sasa omba."

Akaomba. Akapewa kanda zote, ziwafundishe wanafunzi wote, kwa sharti moja: pasiwe na mkono utakaomkata tena mzee wala kulifuta jina lake.

Asubuhi iliyofuata Namkunda mwenyewe aliwaongoza mpaka Ikombwe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maporomoko. Wakakaa kwenye majani mabichi, na Skola akaiwasha mashine kwa sauti ndogo. Mzee akajitaja. Akalitaja korongo, ndani ya korongo lenyewe. Akanyamaza, nao wakanyamaza pamoja naye. Ndege wa kwenye kanda akaimba, akamaliza.

Na kutoka juu, ndani ya majani ambayo jicho halikuweza kuyapenya, mwingine akamjibu.

Skola alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Namkunda akavua viatu, akaviweka kando, na Lwitiko akavua vyake. Walikaa hivyo mpaka jua likapenya, na ndege yule akaimba tena, na tena, kama ambaye hajawahi kusikia kwamba ametoweka.

Msitu ule haukukatwa. Na katika chuo kile, somo la ndege sasa huanza kwa sauti ya mlinzi wa msitu akijitaja, na ukumbi mzima husikiliza pumzi zake.

Basi ninyi mnaofundisha, na ninyi mnaotafiti, kipande mlichoruhusiwa kichukueni bila hofu, na kizima kiombeni. Lakini mkimfuta aliyewatangulia, anayewafuata mtamwonyesha njia ipi?