Pimbi na Naam Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na masufuria yao, palikuwa na Pimbi, mama wa mtoto mmoja. Sogeeni mumsikie.

Mwaka huo jua lilikausha visima vyote, kikabaki kimoja. Nyati akapiga kwato, ti! ti! ti!

"Wakubwa kwanza! Wadogo mtakunywa tukimaliza!"

Wakimaliza, lo! Ni tope tupu. Mtoto wa Pimbi akalinywa, tumbo likamsokota hata akashindwa kusimama. Mke wa Tembo alimwona. Akamwachia maji safi kidogo kwenye unyayo wake, akapita kama hakufanya kitu. Pimbi hakuusahau wema ule. Lakini mtoto atakua vipi kwa maji ya unyayo?

"Nakwenda barazani kwa wakubwa," akamwambia jirani yake, Kobe.

"Ukalie?"

"Nikilia, watanihurumia leo tu. Nikitukana, watanikanyaga. Nitawauliza mambo wanayoyajua wenyewe."

Baraza lile lilikuwa na desturi yake: msemaji akiitikiwa "Naam!" mara tatu na wakubwa, alilosema ni sheria, hata kwa aliyeitikia.

Pimbi akapanda juu ya jiwe. "Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba. Sema upesi, wewe kiroboto!" Nyati akacheka, ho! ho! ho!

"Mzee Tembo, chakula kikiiva nyumbani kwako, nani hupakuliwa kwanza?"

"Watoto."

"Mbona si wewe?"

"Ah! Mimi nina nguvu, naweza kungoja."

"Kumbe mwenye nguvu ndiye awezaye kungoja?"

"Naam!" akasema Tembo.

"Na asiyeweza kungoja ni mnyonge?"

"Naam!" akapayuka Nyati, maana alipenda kuitikia kabla ya wenzake. "Mimi nilingoja mvua miezi sita!"

"Basi kisimani wanyonge wanywe kwanza, wenye nguvu wangoje?"

Nyati akapepesa macho.

"Hee! Umenitega! Sikubali!"

"Sawa, mzee wangu. Kesho tangulia kunywa. Sote tutakutazama, tujue kuwa huwezi kungoja."

Baraza zima likaangua kicheko, kwa! kwa! kwa!

"Shuka hapo nikukanyage!"

Pimbi hakushuka hata kidogo. "Nikanyage. Swali langu litabaki hapa juu ya jiwe."

Mke wa Tembo akamgusa mumewe kwa mkonga. "Mume wangu, mwenzio anangoja jibu."

Tembo akakohoa. "Naam!"

Asubuhi, mtoto wa Pimbi akainama juu ya maji maangavu, akanywa, glu! glu! glu! Nyuma kabisa alisimama Nyati, kifua kimemvimba, akimwambia kila apitaye:

"Mnaona? Mnaona ninavyoweza kungoja?"

Nami naishia hapo, wanangu, na neno langu ni hili: ukitaka kumgeuza mkubwa, anzia kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe amekwisha kulikubali.